Nikinyoosha Mkono Nitamwaibisha Baba

Shangazi Jedidah,

Nakuandikia kwenye kipindi chako cha redio kwa kidole gumba cha kushoto kwa sababu mkono wa kulia umegoma, na ukiona makosa ya herufi unisamehe, naitwa Trizah, niko hapa Sindo, napiga gita kanisani pamoja na baba yangu, na shida yangu ni hiyo gita. Baba, Mzee Omanga, ndiye alinifundisha, tangu nikiwa mdogo nilikuwa nakaa mbele yake nikiangalia vile anaukunja mkono wa kulia kwenye kifundo mpaka vidole vinaangalia kifua chake kama mtu anajikuna, na watu wa huku wanausifu sana huo mkono, mtu akisikia wimbo akiwa mbali anasema huyo ni Omanga ama ni msichana wake, na mimi nikaukunja wangu hivyo hivyo nikifurahi kwamba nimerithi kitu.

Sasa kifundo kinaniuma, vidole vinakufa ganzi katikati ya wimbo, na Jumapili wakati wa sadaka kile kiplastiki cha kupigia nyuzi kiliniponyoka kikaingia ndani ya gita, nikaipindua nikaanza kuitingisha mbele ya waumini kama mtu anamwaga dagaa wa omena kutoka kwa debe, na pasta akarefusha maombi ili nikipate.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mama, akacheka kwanza, halafu akaniuliza, "Kwani hujui? Baba yako alitupwa na ng'ombe wa kulima kabla hujazaliwa. Mkono ulivunjika ukashikana vibaya. Anashika hivyo kwa sababu haunyooki."

Shangazi, kumbe miaka yote nilikuwa naiga mfupa uliovunjika.

Na ndugu yangu Byron anamwoa Lynnet kule Magunga mwezi ujao, mimi na baba tutakaa bega kwa bega mbele ya watu, nikinyoosha mkono wangu kila mtu ataona wake umepinda, na yeye hajawahi kusema neno juu ya huo mkono, nikiukunja nao sijui kama nitamaliza wimbo wa kumwingiza bibi harusi. Nimefikiria kusema nina homa siku hiyo. Nifanye nini?

Trizah, Sindo

*

Trizah binti yangu,

Homa ya uongo iache huko huko. Umempenda baba yako mpaka ukauiga uchungu wake, na hilo si kosa, ila kuendelea sasa baada ya kujua ni ukaidi, na mkono hauna subira na wakaidi.

Mimi mwenyewe si mpigaji, kwa hivyo nilimuuliza Javan anayefundisha gita hapa Homa Bay. Anasema hivi: gita ikae juu ya paja, isiegemee mkono wako. Laza mkono juu ya ukingo wake mpana, uguse kwa sehemu iliyo chini kidogo ya kiwiko, halafu uachie uzito ushuke wenyewe. Kifundo kiwe karibu kunyooka, kimepanda kidogo tu, kisianguke kwenye ubao wala kisijikunje kuelekea kifuani. Kiganja kielee mbele ya tundu. Hicho kiplastiki kishike kama unavyomshika kifaranga, asitoroke wala asife. Kisha nyuzi uzipige kwa kukung'uta kifundo, kama mtu aliyenawa akakosa taulo. Bega likipanda kuelekea sikio, simama, pumua, anza upya.

Na usifanye mazoezi hayo kwa kujificha. Kapige mbele ya baba.

Hayo nilikueleza kwa simu, kwa sababu ganzi haingoji zamu ya redio, na umeniruhusu niwaambie wasikilizaji ilivyokuwa. Ulimkuta mzee nje ya nyumba akifunga nyuzi mpya. Ukakaa karibu naye, ukanyoosha mkono, ukapiga wimbo mzima. Akasikiliza mpaka mwisho.

Ukamwambia, "Baba, ule wa kukunja unaniumiza."

Akakuuliza, "Kwani ulikuwa unaukunja kwa nini?"

"Kwa sababu wewe unaukunja."

Akacheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Alipoweza kuongea akasema, "Nyathina, mwanangu, miaka yote hii nilidhani wewe ndiye unapenda hivyo. Nikajiambia, mtoto akiwa na furaha usimharibie."

Umeona? Wewe ulinyamaza ukimlinda, yeye akanyamaza akikulinda, na katikati yenu kifundo ndicho kilichoumia. Heshima ni nzuri, Trizah, lakini isiyosema kitu huleta gharama isiyo na maana. Wazazi wanaonisikiliza, nanyi mwambieni mtoto makovu yenu yametoka wapi, asije akayadhani ni mapambo.

Sasa nisikilize. Pumzisha mkono mpaka maumivu yatulie, kisha anza polepole, nyimbo za taratibu kwanza, na ukihisi ganzi unaweka gita chini, hata kama ni katikati ya pambio. Isipoisha, nenda hospitali ukaangaliwe, usingoje kuombewa tu. Siku ya Magunga tafuteni viti viwili visivyo na pa kuegemeza mikono, mkae bega kwa bega kama mlivyopanga. Yeye apige na mkono wake, wewe upige na wako, na atakayeuliza kwa nini mikono haifanani, mwache mzee amsimulie habari za yule ng'ombe.