Kuonja Si Kunywa

Jumatatu, 3 Machi

Mpiko wa tatu wa pombe kali. Ndizi zilikuwa zimechacha, povu limelala. Nimeziba mfuniko wa sufuria kwa unga uliokandwa, nikawasha moto mdogo. Mrija wa shaba unapita ndani ya ndoo ya maji baridi na kutokea upande wa pili. Tone. Tone. Ya kwanza nimemwaga. Inayotangulia ni sumu, hata wale wa kwenye video za simu wanasema hivyo. Wanasema pia kwamba utaijua kwa harufu. Hapo ndipo nilipokwama.

Miaka ishirini na sita nilionja chai kiwandani. Kisha mwaka juzi nikashikwa na homa, siku kumi kitandani, na pua ikafa. Nilidanganya wiki sita. Naangalia rangi ya chai, naangalia uso wa mwenzangu, nasema kile anachoelekea kusema. Siku moja nikapitisha chai iliyoungua. Nikaomba kustaafu kabla hawajaniuliza. Hakuna anayejua. Hapa Sosiot wanadhani nilichoka.

Mtu aliyestaafu anahitaji kitu cha kufanya na mikono. Wengine wanafuga kuku. Siwapendi kuku.

Ninachohitaji sasa ni ulimi.

Jumamosi, 8 Machi

Ulimi niko nao nyuma ya nyumba.

Onchari, mdogo wa marehemu mume wangu. Alikunywa urithi wake wote mpaka ua. Nikampa chumba, anakamua ng'ombe wangu wawili na kuchuma chai. Miezi minane hajagusa pombe. Daktari alimwambia ini limebaki kidogo, akirudia atazikwa. Aliapa mbele ya kanisa, kanisa likampigia makofi. Mimi sikupiga, nilikuwa nimeshika mwavuli.

Nimemwita jikoni. Alipoona mrija alirudi nyuma hatua mbili.

"Shemeji, mimi siwezi hiyo kitu. Nikigusa nimeisha."

Ya pua sikumwambia; nilisema tu mpishi hajipimii chake, na kuonja si kunywa. Vikombe mia kwa siku nilionja mimi, na nikaenda nyumbani na kiu. Nikamwonyesha: unafyonza kwa kijiko, kwa kelele, unazungusha mdomoni, unatema kwenye ndoo. Akakataa tena, anaangalia miguu yake. Nikamkumbusha analala nyumba ya nani.

Akachukua kijiko. Akafyonza kwa kelele kama nilivyomwonyesha. Alitema. Alitema kweli, leo nilimwona. Kisha akasema ni ndizi iliyoivishwa kwenye shimo la majivu, na nyuma yake kwa mbali, ganda la chungwa.

Nimekasirika mpaka nimeacha chakula sahanini. Mungu ananinyang'anya mimi pua anamwachia mlevi. Ndiyo, mlevi. Miezi minane haibadilishi jina la mtu.

Jumanne, 11 Machi

Amekuja mwenyewe, kabla ya kukamua. Amenawa uso, amevaa shati la Jumapili.

Vikombe vitatu. Cha pili, amesema, ni chumba cha kuchachushia chai, ile saa majani yanaacha kijani na kuanza kuwa mekundu. Aliwahi kufanya kibarua pale msimu mmoja. Nikatoka nje nikalia kando ya tangi la maji. Niliisikia. Si puani, kichwani. Kwa nusu dakika nilikuwa mtu tena.

Jumapili, 16 Machi

Ametoa ushuhuda kanisani. Akanitaja kwa jina, kwamba nimemsitiri, nimempa kazi ya kumheshimisha. Watu waligeuka kuniangalia. Nikainamisha kichwa.

Nilikuwa nafikiria hamira.

Jumatano, 19 Machi

Ndoo ya kutemea ni kavu. Vikombe vitano leo, vijiko sijui vingapi, nami nilikuwa nimempa mgongo nikiandika maneno yake. Nimeingiza mkono mpaka chini. Hata unyevu hakuna.

Nilisimama nayo muda. Kisha nikaipeleka bombani nikaiosha kwa kelele, nikaisugua na majani, ili aone. Ili ajue kwamba sijui. Akijua nimejua ataona haya, ataacha, na akiacha nitabaki na maji yanayounguza ulimi tu.

Ni makusudi. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kulisema.

Ijumaa, 28 Machi

Siku hizi anatia maji ndani ya ndoo kabla ya kunirudishia. Maji safi ya bomba. Ananiona mjinga. Sawa, namwachia.

Yeye ndiye ananiharakisha sasa. Ya leo haijakaa, anasema, tupike ingine kesho. Maziwa yamepungua, ng'ombe hawamalizwi kukamuliwa. Shati la Jumapili ameshalilalia mara mbili.

Mama Chebet, jirani, ameniita uani. Ni mtu mpole, huanza na habari za watoto na mvua kabla ya kufika penyewe. Leo hakuuliza ya watoto.

"Huyo shemeji yako ananuka pombe. Kwani wewe husikii?"

Nikasema ni dawa anayopaka mgongo. Akaniangalia kama aliyeuziwa yai viza.

Lakini mpiko wa tisa. Wa tisa ndio wenyewe. Ameupa maneno kumi na moja, la mwisho ni mabati mapya yakinyeshewa. Sijalala vizuri hivi tangu nistaafu.

Alhamisi, 3 Aprili

Ng'ombe walilia tangu alfajiri. Chumba chake kitupu. Nimemkuta kwenye mtaro kati ya mistari ya chai, kifudifudi, ametapika damu. Macho ya manjano. Chupa ya mpiko wa tisa mkononi, imekwisha.

Wazo langu la kwanza: hiyo sikuwa nimemaliza kuiandika. Niliwaza hilo kwanza, mtu amelala pale. Halafu ndipo nikapiga kelele.

Mume wa Mama Chebet amesaidia kumbeba. Amepelekwa hospitali Kericho. Nimempigia binti yake, Kemunto, anauza mitumba Chepseon. Kabla ya kupiga, nilificha sufuria na mrija nyuma ya kuni.

Jumanne, 8 Aprili

Ataishi. Safari hii, amesema daktari. Ikitokea tena wasisumbuke kumleta.

Kemunto amekuja kuchukua nguo zake. Zimeingia kwenye mfuko mmoja wa unga. Anadhani baba yake alikuwa akienda kwa wapika chang'aa wa huko mtoni. Sikumsahihisha. Alikaa jikoni kwangu, kwenye kiti kilekile alichoonjea baba yake, akanitazama.

"Mama mkubwa, mlikuwa mnaishi boma moja. Kwani hukuwa unasikia harufu?"

Nikamwambia pua yangu ilikufa mwaka juzi. Sinusi hata moshi. Sijawahi kumwambia mtu, wewe ndiye wa kwanza.

Akaziba mdomo. Akaja akanikumbatia, akalia begani kwangu, akaniomba msamaha. Eti nimeteseka peke yangu.

Kila neno lilikuwa kweli. Ile siri niliyoilinda miaka miwili kwa kiburi changu chote, nimeitoa mara moja, nikajifutia nayo mikono. Sijawahi kujichukia hivi. Pia nilifarijika. Yote mawili.

Amempeleka baba yake Chepseon.

Jumamosi, 26 Aprili

Mpiko wa kumi, peke yangu. Nimefyonza, nimezungusha. Moto. Nimemeza. Moto. Huenda ni asali, huenda ni sumu, nani ataniambia. Nimemwaga yote mferejini.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua tangu asubuhi. Chai inachipua kwa fujo na wachumaji hawapatikani.

Kemunto amepiga simu. Baba yake amenenepa kidogo, anakula ugali, anaenda kanisa la huko. Amempa simu tusalimiane. Sauti imetulia, sauti ya mtu aliyelala usingizi. Aliniombea Mungu kwanza. Kisha akauliza ng'ombe.

Nikasema yule mweusi anazuia maziwa. Hataki mkono wa mtu mwingine, kiwele kimeanza kuvimba. Uongo. Mama Chebet anamkamua kila siku na anatoa vizuri.

 Onchari akasema atakuja Jumamosi, siku moja tu, amtulize, arudi kwa binti yake. Akateremsha sauti.

"Lakini shemeji, ile kazi ingine siwezi tena."

Nikamwambia hakuna kazi ingine. Sufuria niliuza. Iko nyuma ya kuni.

Naona aibu, niseme ukweli. Nilikaa na simu mkononi nikijiambia nimpigie tena nimkataze. Mvua ilipopungua nikavaa gambuti nikaenda sokoni. Ndizi zilikuwa nzuri. Nimenunua mkungu mzima.