Jua la Saa Tano

Jumapili, 2 Februari 2014

Ukungu tena. Malori yamesimama nje ya yadi yetu ya Abu Hamour, hapa Doha, tangu alfajiri, injini zinanguruma, hayaendi popote. Nimeyatazama dirishani nikinywa chai ya karak. Saruji, nondo, mchanga, marumaru ya kisiwa cha The Pearl. Kila msimu barabara mpya, na kila msimu malori yanazidi barabara. Mji unajijenga na kujiziba kwa mkono uleule.

Mpango wangu umepitishwa. Malori yaingie mjini usiku, yashushe, yatoke kabla ya zuio la asubuhi, malori yasiporuhusiwa mjini. Dereva asiyengoja nusu siku na mzigo mgongoni anapata nafasi ya safari ya pili. Kwenye karatasi hauna dosari. Hilo lenyewe linanitia shaka.

Jumatano, 5 Februari

Meneja ameniagiza niwaandikie madereva wa Afrika Mashariki ujumbe wa simu kwa Kiswahili. Mfupi. Nimeandika: *Malori yote yawe yametoka mjini kabla ya saa 5 asubuhi.* Nimeutuma, nimeenda kula.

Wafula, Mkenya, dereva wa miaka mingi hapa, amenipita ukumbini. "Madam Tija, sasa hata usingizi wetu umeupangia ratiba?" Nilicheka. Yeye hakucheka.

Dereva mpya naye alipita kunishukuru. Hamisi, wa Singida. Amesema tangu atue Doha ndiyo mara ya kwanza kusoma agizo akalielewa lote. Nilifurahi kupita kiasi.

Jumatatu, 10 Februari

Hamisi amegonga mtu. Ilikuwa saa 7 asubuhi, barabara ya kutoka The Pearl, mabasi ya shule yamejaa, ukungu mzito. Kibarua, Mnepali, alikuwa akipanga koni za njano pembeni. Yuko hospitali, hali mbaya. Hamisi yuko polisi.

Ofisini swali ni moja: alikuwa akitafuta nini mjini wakati wa zuio? Meneja anasema ni mkaidi, aliambiwa. Nami nikasema ndiyo, aliambiwa. Nilisema mbele ya watu wote.

Jumanne, 11 Februari

Kibarua amefariki. Hakuna aliyelitaja jina lake. Mimi pia sikuuliza hadi jioni, na niliyemuuliza hakulijua.

Wafula alikwenda kumwona Hamisi. Amerudi na neno lake: hakukaidi, alikuwa bado ana muda mpaka saa tano.

"Sisi wa kitambo tulijua umemaanisha *five*," Wafula akasema. "Huyu bado anavaa saa ya nyumbani."

Nikaufungua ujumbe wangu. Nikausoma kama mgeni. Saa tano asubuhi. Saa tano asubuhi mama yangu kule Dodoma ameshachambua mchele na kuuinjika, jua kali uani. Nilichotaka kusema ni saa kumi na moja alfajiri. Hata jana, hapa hapa, nimeandika saa 7 asubuhi, na mkono haukusita. Ilikuwa saa moja.

Nina shahada mbili. Nimesahau kutaja saa kwa lugha niliyozaliwa nayo. Hamisi alisoma Kiswahili sawasawa. Ndicho kilichomponza.

Ijumaa, 14 Februari

Ibada kanisani Mesaimeer, maana huku Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko. Nilitaka kumwombea marehemu, nikakwama kwenye jina. Nikasema: yule wa koni. Aibu.

Jana Meneja aliniita. Alikuwa mpole. Akaeleza kwamba nitahojiwa na polisi, na kwamba tano ni tano, hakuna haja ya kuongeza neno. Kisha akanikumbusha kuwa kibali changu cha ukaazi kinahuishwa mwezi ujao, na kafili wangu, mdhamini ninayeishi nchini kwa idhini yake, ni kampuni.

Naelewa kilichopo hatarini. Ikiwa Hamisi alivunja agizo, atafungwa muda mrefu. Ikiwa agizo lilimpoteza, mzigo wake unapungua.

Naogopa. Niandike hivyo, bila mapambo.

Lakini lipo jingine, nalo ndilo linaloninyima raha. Asubuhi ile Hamisi alikuwa katika safari ya pili. Hakuwa amelala. Safari ya pili si kosa la tafsiri. Ndiyo mpango wenyewe. Nikisema kosa ni neno moja, namwokoa Hamisi au naiokoa ratiba yangu? Sijui. Huenda yote mawili. Huenda ni ukungu tu.

Jumatano, 19 Februari

Nimehojiwa. Meneja alikaa kiti cha pembeni. Mkalimani alikuwa mzee mzaliwa wa Unguja, kanzu imepigwa pasi, sauti ya chini. Alisoma ujumbe wangu mara mbili, akavua miwani. Hakuniuliza ni saa ngapi.

"Bibie, saa tano asubuhi, kwa Kiswahili cha kwenu, jua liko wapi?"

Nilimtazama Meneja. Alikuwa akitazama kalamu yake.

"Liko juu," nikasema. "Linakaribia utosi."

Mzee akatafsiri. Ofisa akaandika.

Kisha nikaongeza nisichoulizwa. Kwamba dereva alikuwa hajalala. Kwamba ratiba nimeipanga mimi, na wengine wanaifuata mpaka sasa. Mzee akatafsiri na hilo. Ofisa hakuandika.

Alhamisi, 27 Machi

Hamisi ataachiwa. Atarudishwa kwao, na hana ruhusa ya kuja tena. Wafula anasema tushukuru. Nashukuru, nusu.

Kibali changu hakikuhuishwa. Naondoka mwisho wa Aprili.

Mpango umesifiwa kwenye kikao. Utapanuliwa kwa malori yote. Kuna marekebisho: saa ziandikwe kwa mfumo wa ishirini na nne, ili kuondoa utata. Safari ya pili imebaki. Nilipinga. Wakaniomba takwimu, na takwimu nilizonazo ni zile nilizokusanya kuuthibitisha mpango.

Niliruhusiwa kumwona Hamisi kwa muda mfupi. Amekonda. Nilimweleza kosa langu, nikamwomba radhi. Akainama, kisha akatabasamu upande mmoja. "Kumbe huku hata saa ina kafili wake, dada." Tulicheka. Halafu akaniuliza kama yule marehemu alikuwa na watoto. 

Alhamisi, 10 Aprili

Hamisi ameondoka leo. Wafula alimpeleka uwanjani, mimi nilibaki kufunga vitabu vyangu kwenye maboksi.

Mkewe, Mwanaidi, amesafiri kutoka Singida kumpokea Dar es Salaam. Wafula alimpa namba yangu. Ameandika: *Dada, ndege inatua saa ngapi?*

Niliandika saa nane mchana. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwishowe nikatuma: *Adhuhuri ikishapita, jua likianza kupinda.*

 Kisha akajibu: *Saa nane basi. Tutakuwa tumeshapika.*