Kipande cha Kitanda cha Sita

Alhamisi, 7 Machi

Shikamoo dada,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mgongo uliokulaza mwezi uliopita umepoa. Mimi nipo, nakula vizuri, nalala kidogo.

Nimempa barua dereva wetu, yule anayekuja wodini kwenu kila Alhamisi. Tangu Februari tumebandika plastiki yangu kwenye kingo za vitanda vya wodi tatu. Kila wiki dereva anabandua vipande, anabandika vipya, vya zamani ananiletea maabara nihesabu bakteria. Plastiki hii haina dawa ndani. Uso wake una nyuzi ndogo sana zinazompasua kijidudu akitua tu. Wodi ya kwanza na ya pili, hakuna kinachoota. Wodi ya tatu, kwako, vinaota kana kwamba vimealikwa.

Plastiki ni ileile, imemiminwa siku moja. Kwa hiyo kuna mkono wa mtu. Mkuu wangu amenipa hadi mwisho wa Aprili, baada ya hapo miaka yangu minne inaingia kabatini. Dada Karani, wewe na shajara yako hampitwi na kitu. Angalia nani anavigusa. Na usimwambie yeyote kwamba mimi ni ndugu yako.

Mdogo wako

Alhamisi, 14 Machi

Marahaba mdogo wangu,

Mgongo umetulia, nashukuru. Wewe lala, acha ubishi. Bahasha yako ilifika na gundi mbili, moja juu ya nyingine. Uliifungua tena mwenyewe, au ni dereva? Nijibu hilo kwanza.

Nimeangalia kama ulivyotaka. Nanakili kutoka kwenye shajara. Ijumaa tarehe 8, saa moja na nusu asubuhi: Mama Funguo, mwenzangu anayeshika funguo za makabati, amesimama kitanda cha sita na kugusa kipande kwa kidole gumba. Jumamosi, vilevile. Jumatatu, vilevile, mkono wa pili ukiwa kwenye mfuko wa aproni, ambamo ana kichupa. Nikamuuliza, "Hapo kuna nini?" Akasema, "Kwani umekuwa askari lini?" Tukacheka, ila mimi sikucheka sana.

Simlaumu. Naandika nilichoona. Kwa upande wangu usiwe na wasiwasi: hakuna kitu wodini kinachong'aa kama vipande vyako. Nahakikisha mwenyewe kila asubuhi.

Dada yako

Alhamisi, 21 Machi

Shikamoo dada,

Habari za huko? Gundi ni yangu, nilisahau kuweka tarehe nikaifungua tena. Dereva hana neno.

Kichupa hicho kimenikosesha raha. Mtu akitaka kuharibu uso wa plastiki yangu, matone mawili ya mafuta yanatosha. Nilimsomea mkuu yale maneno yako bila kukutaja, naye akampigia muuguzi mkuu wenu simu hapohapo, mimi nimesimama. Najua uliandika kwamba humlaumu. Lakini vipande vya wiki hii navyo vimejaa. Ungefanya nini ungekuwa mimi?

Mdogo wako

Alhamisi, 28 Machi

Marahaba.

Leo sikuulizi hali.

Jumatatu saa nne walimwita Mama Funguo ofisini. Alitoka bila funguo. Kichupa ni dawa ya macho. Haoni vizuri tangu mwaka jana, na amekuwa akificha asije akaondolewa. Anahesabu vitanda kwa kidole gumba, na cha sita ndipo anapokata kona kwenda kwenye makabati. Sasa macho yamejulikana, kazi imesimamishwa, na kwenye faili wameandika kwamba anachezea vifaa vya majaribio. Miaka kumi na tisa wodini.

Aliniambia haya langoni. Kisha akaniuliza, "Aliyeandika saa moja na nusu ni nani? Hapa anayeishi kwa saa ni wewe tu."

Nimeanza kukushuku, mdogo wangu. Ulikuwa unatafuta jibu, au ulikuwa unatafuta mtu? Nitumie matokeo ya wodi yangu, tarehe kwa tarehe, tangu mwanzo.

Dada

Alhamisi, 4 Aprili

Shikamoo dada,

Pole. Sikujua habari ya macho.

Tarehe ulizotaka, kwa vipande vilivyobanduliwa siku hizo: 22 Februari, vimejaa. 29 Februari, safi kabisa. 7 Machi, vimejaa. Tarehe 14, 21 na 28, vimejaa. Hiyo ya 28 isikushtue, huyo mama alikuwa ameondoka siku tatu tu, huenda alishaharibu.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie muuguzi mkuu lolote kwa sasa. Ikiwa kuna mtu aliyeharibu, plastiki haina kosa na kazi inaendelea. Ikiwa hakuna aliyeharibu, kosa ni langu, na mwezi huu ndio wa mwisho. Unanielewa, dada. Wewe ndiye uliyenilea.

Mdogo wako

Alhamisi, 11 Aprili

Marahaba mdogo wangu,

Mimi mzima. Nakuomba ukae chini ndipo usome.

Tangu tarehe 23 hadi 29 Februari nilikuwa nyumbani na mgongo. Mama Funguo alikuwa zamu siku zote saba. Ungekuwa mkono wake, wiki hiyo ingejaa kama nyingine. Ilikuwa safi. Aliyekosekana wodini ni mimi.

Wodi nyingine wanafuta kwa ile dawa ya ndoo. Mimi niliogopa itachubua kazi yako. Nikaleta sabuni ya kipande kutoka nyumbani, ileile niliyokuogeshea, nikafuta vipande vyako peke yake, nikaacha povu likauke ili ving'ae. Tangazo lenu la ukutani linasema visafishwe kama kawaida. Kawaida yangu ndiyo hiyo, na hakuna anayeijua kukuzidi.

Wiki hii cha sita nimekifuta kwa maji matupu. Vingine nimevipaka sabuni kama siku zote. Linganisha.

Shajara nimempa muuguzi mkuu leo saa mbili asubuhi, kabla dereva hajafika, ili usiweze kunizuia. Ameisoma amesimama. Amesema habari yangu ataiamua baadaye.

Nimekufungia nusu ya sabuni ndani ya gazeti.

Dada yako

Alhamisi, 25 Aprili

Shikamoo dada,

Natumaini upo salama. Alhamisi iliyopita dereva alikuja mikono mitupu kwa sababu yangu. Nilikasirika siku kumi, kisha nikaona haya.

Cha sita kilikuwa safi. Vingine vyote vimeota. Sabuni inakaa juu ya zile nyuzi kama blanketi juu ya miiba, kijidudu anatua na kustarehe. Nilijaribu plastiki hii kwa maji, kwa dawa, hata kwa jasho langu mwenyewe. Sabuni ya nyumbani haikunijia akilini, mimi niliyekua nayo.

Nimemwambia mkuu yote. Amesitisha majaribio ya wodini. Amenibakizia meza moja na miezi mitatu nitafute nyuzi zisizofunikwa na sabuni. Ile yako nimeikata vipande ishirini, naitumia kwa uchoyo.

Ndani kuna barua ya kumwomba radhi Mama Funguo. Sikuifunga. Isome, ukikuta uongo ichane. Na wewe wamekufanya nini?

Mdogo wako

Alhamisi, 2 Mei

Marahaba mdogo wangu,

Nimepewa onyo la maandishi, nipo kazini. Barua yako niliisoma, sikuichana. Mama Funguo alisomewa na binti yake.

Amerudi Jumatatu na miwani mipya minene, na funguo amepewa. Nilimsalimia. Aliitikia kama anavyoitikia wageni.

Asubuhi hii, kabla dereva hajaja kubandua vya mwisho, alipita akihesabu vitanda kwa kidole gumba kama zamani. Kimoja, viwili, hadi cha tano. Alipofika cha sita aligeuka kwanza kutazama nilipo. Kisha akauinua mkono, akaupitisha juu ya kipande bila kukigusa, akakata kona.

Nimeandika saa. Kisha nimeifuta.

Dada yako