Kikombe cha Rangi ya Mama

Yamagata, Julai

Mdogo wangu Fumiyo,

Sisi huku wazima. Maua ya rangi yamechanua, na miiba yake imenitoboa vidole kama kila mwaka.

Jumanne nilikwenda kwenye makumbusho ya rangi ya midomo inayotokana na maua yetu haya. Acha nikueleze niliyoyaona.

Unakumbuka mama alivyotuusia: akifa, apakwe midomo kwa rangi ya kikombe chake cha kauri, kile alichoolewa nacho. Tulikikosa, nikampaka ya dukani, akaenda na midomo ya rangi ya chungwa. Basi kikombe kiko pale, ndani ya kioo! Rangi, ile ile inayogeuka nyekundu ikiguswa na maji, imekauka ikang'aa kijani kama mgongo wa mbawakawa, na pembeni pana alama ya kidole cha pete cha mama, alichokuwa akijipakia. Chini pameandikwa: "Zawadi ya Bwana Kuroda Tetsuji." Kaka yetu huyo!

Nikampigia simu palepale.

"Dada nawe! Midomo ya maiti anaiangalia nani?" Akacheka. "Pale angalau watu wanakiona."

Mate ya kinyaa yalinijaa mdomoni. Niliyameza kwa kumwonea haya mlinzi.

Kwenye kumbukumbu ya mama atakuja kukaa mbele, kama kawaida yake. Safari hii simpi hata chai. Siku ya msiba alipiga magoti pamoja nami, akachungulia chini ya kila kabati, akaniambia, "Tafuta vizuri, dada." Miaka mitatu sasa namwomba mama radhi kwamba sikutafuta vizuri.

Dada yako,
Sayo