Nguo ya Gome kwa Ijumaa Kuu

Kanazi, Jumanne ya juma la Mateso

Nyundo nimeiweka chini. Hofu bado ninayo.

Leo nimemaliza kuligonga gome la mtoma, ule mti wetu wa nguo. Limetanuka likawa nguo laini, nyekundu kama udongo wetu, ya kufunika msalaba kanisani Ijumaa Kuu. Lakini penye fundo niligonga mno, ikachanika. Nimeishona kwa uzi wa katani, na kovu linaonekana.

Mke wangu alisimama mlangoni akicheka. "Baba Koku, utamvika Bwana Yesu nguo ya maiti?"

"Kwani siku ile hakuwa maiti?"

Akarudi jikoni. Woga ukabaki kwangu. Wazee wetu walizikwa na nguo hii, na waganga wa mizimu waliivaa. Mchungaji akiona nimerudia upagani, atanifungia Meza ya Bwana. Nitaishije bila hiyo...

Jioni nilikwenda kuutazama mti. Pale nilipouchuna nimepafunga majani ya mgomba, usife. Bado pabichi. Sijui kama utapona.

Ee Bwana, kesho naipeleka kwa mchungaji. Akiikataa, nitamwambia mke wangu aiweke. Atanizika nayo.