Mlango wa Noeli

Baba,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Noeli ya mwaka jana, ulipofunga mlango na dirisha na kutuketisha kuzunguka sigiri ya makaa, niliinamisha kichwa, ukadhani ninaitikia sala yako. Nilikuwa ninasali yangu. Nilisema: Mungu, hii iwe ya mwisho. Ilipofika Pasaka tumbo lako likaanza kuvimba, na kabla mimi sijamaliza muhula wa pili tukakuzika hapa hapa Bwera, ng'ambo ya mpaka, kwa sababu vita vilikuwa vimefunga njia ya kwetu Lubero, Kongo.

Sikuomba ufe. Niliomba hewa. Lakini nani atanihakikishia kwamba Mungu alielewa hivyo?

Ninakuandikia kwa Kiswahili cha vitabuni, kile ulichokuwa ukikicheka. "Uyu mutoto anasema sawa redio," uliwaambia wageni, nami nikakimbilia nyuma ya nyumba kwa aibu. Mama aliniambia baada ya mazishi kwamba ulikuwa ukinijivunia. Laiti ungeniambia wewe mwenyewe.

Bado ninasoma Kasese, nalala bwenini. Mama anauza viazi sokoni Mpondwe. Mdogo wangu Kavira ametimiza miaka saba na hana meno mawili ya mbele, anapiga mluzi kila anapotamka jina lake. Kiti chako nimepewa mimi. Sikukiomba.

Ninaikumbuka Noeli ya kwetu milimani, ingawa nilikuwa mdogo. Baada ya misa ukungu ulikuwa ukishuka hata usione zizi la mbuzi, na meno yanagongana. Hapo mtu hahitaji kuambiwa aingie ndani. Unafunga mlango, kuni zinawaka katikati, moshi unatafuta njia kwenye nyasi za paa. Kila mmoja anasema jambo alilolishukuru mwaka huo na jambo alilolijutia, na mlango haufunguliwi mpaka viazi vilivyochomwa majivuni viishe. Ilikuwa desturi ya baba yako, na ya babu yako kabla yake. Ilikuwa nzuri, Baba. Kule.

Huku tulikuwa tukiifanya saa tisa mchana, chini ya mabati, na sweta tumevaa. Nilisikia vijana wenzangu wakicheza muziki barabarani, jasho likinidondokea puani, nami sithubutu hata kujifuta. Mama Shamim, jirani yetu Mwislamu anayeuza chumvi ya ziwani Kabatoro, alikuwa akipiga kelele kutoka kibarazani kwake: "Nyinyi Wakongo! Hii jua yote, na bado munafunga mulango? Mutaiva kama matoke!" Wewe ulicheka, ukaongeza makaa.

Mwaka huu nilidhani Mama ataacha. Jana, mimi na Kavira tuliporudi kutoka misani, nikakuta Mama ametutangulia, ameshatandaza mkeka na kuwasha sigiri katikati ya chumba. Amevaa koti lako kubwa. Akaniambia bila kunitazama, "Sasa ni wewe njo baba ya nyumba. Funga mulango."

Nikaufunga.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Nilijua. Mwalimu wetu wa kemia alitufundisha muhula uliopita kwamba makaa yakiwaka mahali pasipo na hewa hutoa gesi isiyo na harufu, na mtu hulala asiamke. Niliandika daftarini mwangu, nikapigia mstari. Kule milimani paa lilikuwa linapumua. Hapa ni matofali, saruji na mabati, na Mama alikuwa ameziba hata upenyo wa chini ya mlango kwa kitenge. Nilijua yote hayo, na bado niliketi kwenye kiti chako, kwa sababu ya ile sala. Nilijiambia kwamba mtu aliyeomba Noeli ya baba yake iishe hana haki ya kuikataa tena.

Mama alianza. Alishukuru kwamba hukuteseka muda mrefu. Akaanza kusema anachojutia, akashindwa. Tulingoja. Kichwa kilikuwa kinanigonga. Kavira alisema, "Mama, nasikia kizunguzungu," na Mama akamjibu, "Ngoja yaya yako aseme kwanza," yaani mimi, kaka yake. Nilifungua kinywa, na badala ya kusema nikamwona mdogo wangu akiinama taratibu, kama anayetafuta kitu mkekani. Akatapika. Kisha shingo yake ikalegea.

Nilisimama, kiti kikaanguka. Nilifungua mlango. Mama akapiga kelele, "Hatuyamaliza bado! Paluku! Baba yako anatuona!" Nilimbeba Kavira nje. Mama Shamim alikuja mbio na kata ya maji, kichwa wazi. "Leta yeye hapa kwa upepo! Musimufunike!" Alimpepea kwa sahani ya plastiki, huku akitutukana sisi wote pamoja na Noeli yetu. Sijui ni muda gani ulipita. Nilihesabu pumzi zake, nikapotea, nikaanza upya. Mwishowe alifumbua macho, akamtazama Mama Shamim, akauliza kama kuna soda.

Nilirudi ndani, nikaitoa sigiri kwa vitambaa viwili, nikafungua dirisha pia. Mama hakunizuia. Alikuwa ameketi ukutani, mikono yake haionekani ndani ya mikono ya koti lako.

Baba, nisamehe ile sala. Sijui kama ilisikika. Lakini hata kama ilisikika, Kavira hakuwa malipo ya deni langu kwako. Ninakuahidi: kila Noeli tutasema la kushukuru na la kujutia, na viazi tutachoma, hata kama nitakuwa nimebaki peke yangu katika nchi yenye joto kuliko hii. Mlango sitaufunga. Ukikasirika, unikasirikie mimi, si Mama. Kaa salama huko uliko.

Jana, Kavira alipoanza kucheza tena, nilimenya viazi vinne vilivyoiva kwenye majivu ya sigiri, nikavitia chumvi, nikampelekea Mama ndani. Niliketi karibu naye sakafuni. Alikula viwili, akanisukumia sahani. Nilikula vilivyobaki. Kisha niliosha mkeka, nikauanika ukutani.

Mwanao,
Paluku