Bima ya Pikipiki Iliyolala

Bemidji, 19 Oktoba 2011

Dada Ardis,

Hamjambo huko Tucson? Kifua cha shemeji kinaendeleaje? Mimi mzima, ila theluji imeshaanza. Pikipiki yako uliyoniachia nimeilaza gereji. Tangi nimelijaza, betri nimeitoa, iko jikoni karibu na mashine ya kahawa. Sasa mpigie wakala aondoe bima ya barabarani, ubakize ya wizi na moto mpaka Aprili, kama tunavyofanya wote hapa. Nani analipia barabara wakati pikipiki imelala? Watu wanakucheka, dada. Wewe na woga wako!

Mdogo wako,
Verlin

Tucson, 2 Novemba 2011

Mdogo wangu Verlin,

Salamu nyingi. Shemeji yako anapumua afadhali. Miaka tisa nimelipa bima hiyo mwaka mzima kwa sababu nakujua. Jua la Machi likitoka siku moja tu, wanaume wa huko mnapandwa na wazimu. Haya, umenichosha, nimeiondoa jana. Ila niahidi pikipiki haitoki gereji mpaka nikuambie bima imerudi.

Dada yako,
Ardis

Bemidji, 9 Novemba 2011

Dada,

Nimeahidi. Unaniona mtoto? Nina miaka hamsini na mbili. Msalimie shemeji.

Verlin wako

Bemidji, 20 Machi 2012

Dada Ardis,

Natumaini hamjambo. Mimi si mzima. Mkono wa kulia umevunjika, naandika kwa wa kushoto, univumilie mwandiko.

Jumamosi joto lilipanda ghafla, lami ikakauka. Nikarudisha betri nisikie tu inavyonguruma. Kisha nikasema nifike pale kwenye kona nigeuze. Ule mchanga wanaomwaga barabarani wakati wa barafu ulikuwa bado haujafagiliwa. Nikateleza. Bi. Solveig Tangen, aliyetufundisha kuogelea, alikuwa kando ya barabara kwenye sanduku lake la posta, anachukua barua. Nimemvunja nyonga. Madaktari hawajui kama atatembea tena.

Bila bima, gharama zake ni zangu, na sina kitu ila nyumba aliyotuachia mama. Nakuomba, iambie kampuni ya bima kwamba ulimpigia wakala Ijumaa arudishe bima, na yeye ndiye aliyesahau. Najua nimekosa. Nisaidie, dada.

Mdogo wako,
Verlin

Tucson, 31 Machi 2012

Verlin,

Pole kwa mkono. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila barua niliyoanza ilikuwa ya matusi, nikaichana.

Siwezi kumtupia wakala kosa lako. Ana watoto, na kazi yake ni hiyo moja. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Ijumaa ile niliona kwenye televisheni kuwa kwenu kutakuwa na joto, nikashika simu nimpigie kweli. Nikasema, ah, Verlin ameahidi. Nikaiweka chini.

Nyumba ya mama tuiuze. Fungu langu nalo apewe Bi. Solveig. Usinibishie.

Juzi nilimpigia hospitali. Nilidhani atanilaani. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama wewe umeumia sana. Kisha akasema, "Mwambie Verlin asijitese, mwanangu. Bima si ipo?"

Nikamuaga, nikakata simu. Nenda ukamwambie wewe.

Dada yako,
Ardis